LENZI ZA RANGI: TUMEGOMBANIA RANGI, TUKALISAHAU JICHO



Shukrani zote ni za Allah aliyetupa macho bila ya sisi kuyalipia. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wa madrasa, wa sekondari na wa vyuo, leo sitazungumza kwa mafumbo. Katika mji wetu huu wa Kampala, kuanzia maduka ya vipodozi ya katikati ya mji mpaka saluni za mitaani kwetu, lenzi za rangi zinauzwa pamoja na kucha za kubandika na kope za kubandika. Zipo za kijani, za buluu, za kijivu na za rangi ya asali. Zipo na zile za mchezo, zenye macho ya paka au meupe matupu kama tunavyoyaona kwenye filamu za kutisha. Binti anachagua rangi, analipa, anapewa kioo, anazitia. Hakuna aliyempima jicho. Hakuna aliyemwuliza kama ana ugonjwa wa macho. Hakuna aliyemwambia azitoe saa ngapi wala aziweke ndani ya nini.

Na sisi walimu tumefanya nini? Tumebishana! Kundi moja linasema ni HARAMU, ni kubadilisha maumbile, ni kumdanganya mchumba anayekuja kuposa macho ya kijani na kukuta ya kahawia. Kundi la pili linajibu kuwa ni pambo tu kama hina na wanja, mke anampambia mumewe, kuna ubaya gani? Mabishano haya nimeyasikia baada ya darsa, kwenye magari tukienda maziarani, na hata kwenye vikao vya harusi. Ni nadra sana kumsikia mmoja wa wabishani akitaja sabuni, maji, au usingizi.

Hapa ndipo ninapolalamika, na wanaokasirika na wakasirike.

SHARTI LILILORUKWA

Wanazuoni wa zama zetu waliozungumzia lenzi za rangi wamehitilafiana, hilo ni kweli. Wapo waliozikataza kwa sababu ya udanganyifu na israfu. Wapo walioziruhusu kwa mwanamke. Lakini tazama fatwa za wale walioruhusu: wameweka sharti kwamba ZISIDHURU, na wengi wao wakaelekeza kwanza kwa mtaalamu wa macho. Na wale waliokataza nao huhesabu madhara miongoni mwa sababu zao. Maana yake pande zote mbili hukutana kwenye suala la madhara. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana kila mwanafunzi wa fiqhi huifundishwa mapema, na aya ya 195 ya Suratul Baqara watoto wetu wanaihifadhi. Basi imekuwaje tumeshikilia suala la rangi, ambalo wanazuoni wamehitilafiana, na kuliacha suala la madhara, ambalo wamekubaliana?

Mwenye kuharamisha anadhani akishasema haramu kazi imekwisha. Haijaisha. Binti aliyekatazwa bila kuelezwa hazitupi lenzi zake, anazificha. Anazitia chooni shuleni kwa mikono yenye maji, anazitoa haraka anapomsikia mama, anazitumbukiza kwenye kifuniko cha chupa kilichojaa maji ya bomba. Mwenye kuhalalisha naye akishasema "ni pambo tu" anadhani amerahisisha dini. Amemrahisishia muuzaji!

LENZI SI HINA

Tuelewe kwanza jicho lenyewe. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho wataalamu hukiita konea, hakina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kutoka nje moja kwa moja kwa kupitia machozi. Lenzi ni kifuniko juu ya kioo hicho. Lenzi nzuri iliyopimwa hupitisha hewa na huelea juu ya machozi. Lenzi iliyobana kuliko jicho, au nene yenye rangi nyingi, hulinyima jicho hewa na kulikwaruza. Na mkwaruzo mdogo usioonekana kwenye kioo ni mlango uliofunguliwa kwa vijidudu.

Hapo ndipo linapoanguka lile neno la wauzaji: "Hizi hazina namba, kwa hiyo hazina shida." Ndugu yangu, namba ni nguvu ya kuonea. Upana wa lenzi na mkunjo wake ni jambo jingine kabisa, na kila jicho lina mkunjo wake. Kiatu kisicho na soli nene bado kinaweza kukubana! Kwa sababu hii Marekani ilipitisha sheria mwaka 2005 kwamba lenzi zote za macho, hata za mapambo zisizo na namba, ni vifaa vya tiba na huuzwa kwa cheti cha mtaalamu. Wao ndio wenye sherehe za kuvaa macho ya paka na ya mazimwi, na wazazi wa rika langu wanayakumbuka macho ya njano ya Michael Jackson katika video ya Thriller ya mwaka 1983. Wenye mchezo wao wameona haufai kuuzwa kama peremende. Sisi tuliouiga mchezo tumeiacha sheria yake huko huko.

TATIZO LETU WAISLAMU: MAJI

Sasa sikilizeni jambo ambalo linatuhusu sisi kuliko jirani zetu, na ambalo sijui kwa nini hatulizungumzi.

Adui mkubwa wa lenzi ni maji. Simaanishi maji machafu peke yake. Maji ya bomba, ya tangi, ya dumu, ya kisima na ya bwawa la kuogelea yanaweza kuwa na kijidudu kiitwacho Acanthamoeba. Ukiyanywa maji hayo hakikudhuru. Lakini kikinasa kwenye lenzi na kubaki juu ya konea kwa masaa, kinaweza kuingia ndani ya kioo cha jicho na kukila. Maumivu yake ni makali, matibabu yake huchukua miezi, na wapo wanaobaki na kovu au kupoteza uoni. Wengi wa wanaopata maradhi haya katika nchi zinazotumia lenzi sana ni wavaaji wa lenzi.

Haya, sasa hesabu. Muislamu mwenye kutawadha kwa kila swala, na akaosha uso mara 3 kila udhu, amejimwagia maji usoni mara 15 kwa siku. Jirani yake asiyeswali pengine ananawa uso asubuhi na jioni tu. Je, ni nani kati yao anayehitaji zaidi kuelezwa habari ya lenzi na maji? Na ni darsa gani la wasichana ulilolisikia likieleza?

Zaidi ya hapo, kuna fatwa za mtaani zinazoongeza hatari. Mwanafunzi mmoja wa darasa langu la wasichana aliwahi kuja na jicho jekundu linalotoa machozi, halivumilii mwanga wa dirisha. Kumbe aliambiwa kuwa udhu hausihi ukiwa na lenzi. Basi kila wakati wa swala anazitoa pale pale bombani kwa vidole vilivyolowa, anazisuuza kwa maji ya bomba, anatawadha, anazirudisha. Mara tatu au nne kwa siku! Alikuwa akitaka swala yake ikubaliwe, masikini, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo halikuwa lazima. Tulimpeleka kwa mtaalamu siku ile ile, na alhamdulillah jicho lilipona. Lakini angekaa wiki nzima akitiwa dawa za kubahatisha, ingekuwa habari nyingine.

Hukumu ni nyepesi, na ipo kwenye vitabu tunavyosomesha. Ndani ya jicho si katika sehemu ya uso inayolazimu kuoshwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa Uganda tunayafuata, kuosha ndani ya jicho si wajibu. Imepokewa kwamba Ibn Umar (Allah awe radhi naye) alikuwa akiingiza maji machoni anapooga janaba, na wanazuoni hawakulifanya hilo kuwa lazima kwa watu. Baadhi ya vitabu vya fiqhi vinataja hata kwamba alipofuka kwa ajili ya hilo. Kinacholazimu ni kuosha uso pamoja na pembe za macho kwa nje, na kuondoa matongo na wanja mzito unaozuia maji. Lenzi iliyo ndani ya kope haizuii udhu wala josho.

Kwa hiyo mwenye lenzi afanye hivi. Atawadhe KABLA ya kuzivaa ikiwezekana. Akihitaji kutawadha akiwa nazo, afumbe macho taratibu, aoshe uso wake, ajifute kwa kitambaa safi kikavu, ndipo afumbue. Akienda kuoga, josho au la kawaida, azitoe kwanza kwa mikono mikavu. Hazitoi kwa sababu josho litabatilika. Anazitoa kwa sababu ya maji. Na kwa mwenye kufunga, kinachoingia jichoni hakifunguzi kwa madhehebu yetu, kwa hiyo asiache kutumia dawa ya jicho aliyoandikiwa kwa kuogopa swaumu.

HATA WALIOPIMWA WAMEUMIA

Mtu asiseme kuwa ninatisha watoto. Mwaka 2006 kampuni ya Bausch & Lomb iliondoa sokoni dunia nzima dawa yake ya kusafishia lenzi iitwayo ReNu with MoistureLoc, baada ya wavaaji kupata maambukizi ya ukungu aina ya Fusarium. Marekani peke yake walithibitishwa wagonjwa 164, na baadhi yao ilibidi wapandikizwe konea nyingine. Mwaka 2007 kampuni ya Advanced Medical Optics nayo iliondoa dawa yake ya Complete MoisturePlus, safari hii kwa sababu ya ile Acanthamoeba niliyoitaja. Hawa walikuwa watu wenye wapima macho, wenye dawa za chupa zenye tarehe. Je, binti yako anayehifadhi lenzi kwenye maji ya dumu ana usalama gani kuliko wao?

Na hapa kwetu tatizo la pili ni kuchelewa. Watafiti wa Mbarara walioandika mwaka 2019 juu ya vidonda vya konea kusini magharibi mwa Uganda walieleza kuwa wagonjwa wengi hufika hospitali wamechelewa, na wengi wameshatia dawa za kienyeji. Wale hawakuwa wavaaji wa lenzi za rangi, wengi wao ni wakulima. Lakini tabia ni ile ile yetu: maziwa ya mama, maji ya majani, au tone la dawa lililobaki kwa jirani. Baadhi ya matone hayo ya dukani yana dawa ya kutuliza uvimbe ambayo hufanya wekundu upungue huku kidonda kikizidi kula ndani. Unadhani umepona, kumbe jicho linakwenda!

MANENO YA KUWAAMBIA NYUMBANI

Mzazi, ukiisoma orodha hii waite mabinti zako, na wavulana pia, maana nao siku hizi wanavaa. Wasomeeni bila matusi.

1. Asivae mtu lenzi yoyote, hata isiyo na namba, kabla ya mtaalamu wa macho kumpima na kumwonyesha namna ya kuzitia na kuzitoa. Kampala ina kliniki za macho Mulago, Mengo na kwingineko. Mji mzima una wapima macho. Kisingizio hakuna.

2. Mikono ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, ikaushwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Mwenye hina mbichi au aliyetoka kukata pilipili asiguse lenzi.

3. Lenzi haioshwi kwa maji yoyote wala kwa mate. Hata maji ya Zamzam tunayoyaheshimu ni ya kunywa, si ya kuhifadhia lenzi. Itumike dawa yake tu, na kila siku imwagwe ya jana iwekwe mpya. Kikopo chake kibadilishwe angalau kila baada ya miezi 3.

4. Asilale nazo, hata usingizi wa mchana, hata akiwa amechoka na kisimamo cha Ramadhani. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8.

5. HAZIAZIMWI! Si kwa dada, si kwa rafiki wa bweni, si kwa picha moja tu. Mwaka 2024 tuliona ugonjwa wa macho mekundu ulioanza kutangazwa Dar es Salaam mwezi wa Januari ukafika Mombasa na kisha kwetu Uganda. Ugonjwa ule hupita kwa mikono na vitu vya kushirikiana. Lenzi inatoka ndani ya jicho la mtu na kuingia ndani ya jicho la mwingine, kuna kushirikiana gani zaidi ya huko?

6. Lenzi zivaliwe kabla ya wanja na poda, na zitolewe kabla ya kuosha mapambo. Ya siku moja ni ya siku moja. Ya mwezi, mwezi ukiisha itupwe. Asikae nazo kwenye moshi wa udi.

7. Asiendeshe gari usiku akiwa na lenzi za rangi. Gizani mboni hupanuka, na ule mduara wa rangi huziba pembezoni mwa uoni.

8. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likikataa mwanga, au likiona ukungu: atoe lenzi hapo hapo, asirudishe, asitie kitu, aende kwa mtaalamu SIKU ILE ILE na achukue lenzi na kikopo chake avipeleke vikapimwe.

KWA WANAOPINGA

Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, wewe unawafundisha watoto kuvaa!" Jibu langu ni jepesi. Wameshavaa. Wewe ulipokuwa unanyamaza, saluni ilikuwa inafundisha. Mimi nikipima faida na hasara ya lenzi za rangi naona bora binti abaki na macho aliyozaliwa nayo, na hilo namwambia waziwazi. Lakini kumwambia aache na kumwambia namna ya kujilinda si mambo yanayopingana. Mwanafunzi wa fiqhi hufundishwa uharamu wa kitu na pia namna ya kujitoharisha nacho kikimgusa.

Wapo watakaosema, "Nimevaa mwaka mzima sijaona kitu." Alhamdulillah. Na yupo anayevuka barabara ya Wandegeya bila kutazama akafika salama mwaka mzima. Tumfanye mwalimu wa watoto wetu?

Na wapo watakaosema ni qadar. Tunaamini qadar. Lakini mbona ukinunua gari humwambii fundi asiangalie breki?

Nawageukia wapambaji wa maharusi. Dada zangu, mnafanya kazi ya halali na watu wanawahitaji. Lakini jozi moja ya lenzi inayozunguka kutoka kwa bibi harusi wa Ijumaa kwenda kwa wa Jumapili ni dhulma, na mkono uliompaka mmoja poda usiingie jichoni mwa mwingine bila sabuni. Hakuna kwanjula wala nikaah iliyovunjika kwa sababu bibi harusi alikuwa na macho ya kahawia. Mteja akiwa hana lenzi zake mwenyewe alizopimiwa, kataeni. Mtapoteza malipo ya siku moja, hamtabeba jicho la mtu mpaka Akhera.

Na nyinyi wenye vikao vya harusi, mnaochangisha pesa za hema, za gari na za keki: bibi harusi akitaka lenzi, andikeni kwenye bajeti ile ile ada ya kupimwa macho wiki kadhaa kabla, si jioni ya kuamkia sherehe. Ikiwa pesa ya kupima hamna, basi pesa ya lenzi pia hamna.

Mwisho nawaomba maimamu na walimu wenzangu. Tuendelee kuhitilafiana juu ya rangi kwa adabu, hilo halitaisha leo. Lakini Ijumaa ijayo, au Jumamosi hii madrasani, kila mmoja wetu achukue dakika kumi awaambie wanafunzi mambo matatu: lenzi haizuii udhu, lenzi haitaki maji, na lenzi haiazimwi. Haya matatu hayana hitilafu. Tukiyanyamazia, jicho la mtoto wa mtu litatuuliza tulikuwa wapi.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.